Malkia Mwenye Kivuli cha Sharubu

Mkebe huu, ambao mama alitilia pilipili manga,
ulishuka melini kutoka Bombei
mwaka ambao babu hakuwa na hakika nao:
"Baada ya vita vya Mjerumani, kabla ya nzige."
Ndani yake alikuwamo mtu.

Fardunji Kapadvala.
Aliuza bangili za mkewe
akanunua sanduku lenye jicho.
Mwanamke wa kuigiza hakupatikana,
akanyoa sharubu, akajifunga sari,
akawa malkia yeye mwenyewe;
kisha mbio nyuma ya pazia, sharubu za gundi,
akarudi mfalme, amekuja kujiposa.
Mpini alizungusha mpwa wake mwenye papara,
ndiyo maana malkia analia
kama anayewahi sokoni.

Huku kwetu, banda la mabati la Bwana Thakkar,
nyuma ya maghala ya mbata, Gerezani.
Maandishi ya Kigujarati yakipita kitambaani
wenye viti walisoma.
Sisi wa mikekani, kwa thumni,
wapagazi, madobi, wauza kashata,
tulikuwa na Mwinshehe Pazi, babu yangu, na kijiti chake.
(Nasema sisi. Sikuwa nimezaliwa.)

Kigujarati alikiokota dukani, akipima mchele:
maneno ya deni aliyajua yote,
ya mapenzi aliyabuni.
"Anasema: bwana, hata ukinifungia chumbani
moyo una dirisha lake!"
Mikeka ikapiga vigelegele.
Kitambaani, tulikuja kuambiwa,
palikuwa pameandikwa: Ngoja.

Miaka tisa, mikebe kumi na minne.
Kapadvala alizeeka kwa shehena:
mfalme, baba wa mfalme,
halafu jini, mwenye tumbo lisilohitaji mto.

Ikaja mashine ya sauti,
spika pana kama kinywa cha kiboko.
Kapadvala akafungua mdomo
ikatoka sauti ya mtoto aliyefinywa.
Watu walicheka hadi penye msiba.
Babu alisimama, kijiti kwapani,
akimsikia kwa mara ya kwanza
mtu aliyemsemea miaka yote ile.
"Mimi," aliniambia, "nilikuwa nimempa nzuri zaidi."

Thakkar akamweka mlangoni, achane tiketi.
Na huko Bombei, walisema mabaharia,
filamu za Kapadvala ziliuzwa kwa ratili,
zikayeyushwa,
zikatengenezwa bangili.

Kimebaki kipande hiki, picha kumi na saba.
Nakiinua dirishani, ghorofa ya tatu, Upanga,
kinanuka pilipili na siki.
Malkia yumo, kinywa wazi,
na juu ya mdomo kivuli cha sharubu
za siku mbili.

"Anasema nini?" binti yangu anauliza.
Kigujarati sijui hata cha deni.
Kaa, namwambia. Vuta stuli.
Ni maneno mengi.