Bado, Kitanda Namba Kumi na Moja

Usiku wa pili baada ya kubadilishwa nyonga,
hospitali ya Ibra, kiyoyozi kinakoroma,
Sista Jisha alimwinamia bibi yangu
akauliza, kwa Kiingereza, kama maumivu yangalipo.
Neno alilotumia ni "still".

Nami, mkalimani wa bure, mhasibu wa idara ya maji,
nikamgeuzia Bi Shinuna kwa ufupi:
Bibi, maumivu yamekwisha?
Akasema: Bado.
Nikasema: "Not yet."

Kalamu ikaandika. Sindano ikarudi kwenye trei.
Pazia likavutwa, pete zake zikalia chirr,
nikajinyoosha kwenye kiti cha plastiki
nimeridhika na kazi yangu.

Saa tisa usiku nikauona mkono wake
umekamata chuma cha kitanda
kama anayemzuia mtu asianguke.
Bibi, si ulisema bado?
Nilisema bado. Uliniuliza kama yamekwisha, nikasema bado.
Kosa langu liko wapi?
Miaka minne Maskati ulisoma nini wewe?

Nilikimbia ukumbini na kandambili moja.

Tangu hapo nalichunguza neno hili
kama mtu anayekagua bili asiyoiamini.
Mwingereza ana milango miwili:
huu wa kinachoendelea, ule wa kisichofika.
Sisi tuna mmoja, unasukumwa pande zote.
Najua, najua, tunayo "ningali", tunayo "sijaja",
lakini Bibi havipekui hivyo vidogo vidogo,
hutia funguo zote mkoba mmoja
na mkono wake huupata anaoutaka gizani.

Halafu asubuhi, chumba cha eksirei.
Fundi akapaza sauti nyuma ya kioo: "Still! Still!"
Nami, kwa haraka ya kutubu: Bado, Bibi, bado!
Akageuza shingo: Bado nini?
Picha ikatoka ina ukungu.
Kumbe neno lile lina chumba cha tatu,
ndani yake mtu hukaa asitikisike,
na hicho katika bado yetu hakimo.
Bado yetu haijui kutulia.

Mzee wa kitanda cha jirani, mtu wa Mudhairib,
mkewe akimpigia, mwanawe hujibu kwa Kiarabu:
"Baado raqid." Bado amelala.
Nikashtuka. Ndilo lile lile.
Liliondoka huku na watu, likakaa Chake Chake vizazi,
likarudi na Bi Shinuna na sanduku lake la bati,
limenenepa, limejifunza kusema kwa ishara,
na binamu zake wa hapa hawakulitambua upesi.

Nilipomweleza haya yote, alikuwa anakula jeli nyekundu.
Akaweka kijiko. Akanipa ubeti, kwa hasira kidogo:

Bado si ndiyo wala la,
ni sahani kabla kula,
ni jicho kabla kulala,
ni mimi ningali hai.

Sasa jeli imeyeyuka, akasema. Umefurahi?

Siku ya kuruhusiwa, Sista Jisha alikuja na fomu.
Alikuwa ameshalichukua neno,
huliandika pembeni mwa faili kwa herufi ndogo,
na wa zamu ya usiku humpigia simu kumuuliza maana.
Bibi akataka nimuulize: Kwao ni wapi?
Kottayam. Ana mtoto wa kiume, yuko darasa la tano.
Ana miaka mingapi huku? Tisa.
Bibi akanigusa goti. Muulize, amesharudi kwao kuishi?

Nikafungua kinywa kutafuta Kiingereza chake,
lakini yule sista alikuwa ameelewa.
Alikunja fomu mara mbili, isivyotakiwa kukunjwa,
akamtazama Bi Shinuna, si mimi.

Bado, akasema.

Na Bibi, aliyeulizwa swali hilo hilo
kila Idi tangu nisijazaliwa,
akasogea kidogo, kwa uchungu, kwenye kitanda,
akampisha akae.