Mizani ya Zafarani

Mizani hii ilikuwa ya shangazi Shinuna.
Kila Jumatano, soko la wanawake, Ibra,
aliipimia zafarani, uzi kwa uzi,
huku amebana pumzi,
maana pumzi ya muuzaji, akisema, ni wizi.
Leo naipimia baruti.

Chumba cha uani. Kiyoyozi nimekizima,
upepo wake huichokoza mizani.
Jasho linanitambaa mgongoni kama sisimizi.
Mbele yangu maganda yamesimama kwenye kibao,
shaba iliyooshwa, midomo wazi, kama makinda.
Kila moja limekwisha kula moto mara tatu, mara nne;
naligeuza kwenye taa, natafuta ufa.

Lugha ya nyumbani kwetu ni bahili:
risasi ni madini yale laini, ya kijivu,
na risasi ni ile iliyokwisha kwenda.
Neno moja, la kilicholala na la kilichopaa.
Na shabaha, ukiikata mkia, hubaki shaba.
Mama, aliyetoka Unguja na sanduku moja
na maneno yote,
hupita mlangoni akicheka:
"Wenzio wanapika maandazi, wewe unapika ngurumo."

Baruti tatu, vichwa viwili:
kimoja kimevikwa shaba,
kimoja kimepakwa buluu, kama gololi.
Haba na haba, walisema, hujaza kibaba.
Hawakuwahi kupima baruti.
Hapa haba moja ya ziada hupasua kibaba
na mkono ulioshika kibaba.

Alfajiri, uwanja wa klabu, nyuma ya kilima.
Muhanna anafungua kufuli,
anakisoma kibali changu kana kwamba hanijui.
Natega kipima-kasi mbele ya meza.
Baruti ya kwanza: kishindo kikavu,
kasi inapanda, inashuka, kama bei ya nyanya.
Ya pili, tamu mkononi,
bastola inarudi mahali pake kabla sijaiita.
Nikaipenda. Nikaandika: *hii.*

Mpaka saa sita mchana,
jua la Mei limekaa kitako juu ya meza,
risasi zilezile zimechemka sandukuni mwake,
zikaenda mbio zisizo zake,
zikatawanyika karatasini
kama watoto waliosikia kengele.
Mapenzi ya alfajiri hayo. Nikafuta.

Ya tatu ina moshi, inanuka,
inaacha masizi vidoleni kama sufuria ya kuni.
Asubuhi na mchana, kasi ileile.
Matundu matano;
sarafu ya baisa hamsini ikayafunika yote.

Kisha risasi ya thelathini na moja ikasema *pu.*
Si *pa.* *Pu,* kama mtu aliyekatizwa kauli.
Kidole kilikwisha kuanza safari ya pili.
"Simama!"
Nikasimama.
Nikaifungua bastola, nikaitoa kila kitu,
nikapitisha ufito wa shaba mtutuni,
ukagota njiani.
Kichwa kilikaa mle, cha buluu, kimya,
kinamngoja mwenzake amgonge kisogo.

Usiku wa jana, ganda la thelathini na moja,
simu ililia.
Raudha, kutoka Sohar,
mchele wa biriani uroweke muda gani?
Nusu saa, nikamwambia.
Nikarudi mezani, mkono ukaruka ganda.
Fataki ilikuwemo. Baruti haikuwemo.

Muhanna hakusema neno.
Alinimiminia kahawa, akakaa upande wangu wa benchi,
akautazama ule ufito mpaka kahawa ikapoa.

Daftarini, chini ya kasi na matundu,
safu ya "kasoro," nimeandika:
*si baruti. Si kichwa. Simu.*

Mashindano ni wiki ijayo, Maskati.
Nitabeba ile ya tatu, ya masizi,
ambayo hakuna atakayeniuliza jina lake.
Simu nimeilaza jikoni ndani ya sufuria,
na kifuniko juu.
Inalia humo kama nyenje. Ilie.

Chembe moja imeng'ang'ania ukingo wa kijiko.
Nabana pumzi.
Mkono wa mizani unatikisika,
unatikisika,
bado.