Haisikii Basi

Barua ya maabara ilikuja Jumanne
pamoja na bili ya umeme na tangazo la matairi ya theluji.
Niliisoma nimesimama, koti sijalivua:
katika jeni ya protini ya tano ya kugandisha damu
herufi moja imekaa pasipo pake.
Moja, kama kosa la karani aliyesinzia mchana.

Daktari Ekedahl alinichorea nyuma ya bahasha.
Jeraha likishazibwa huja mjumbe, huiambia damu: basi.
Yetu haisikii basi.
Huganda, ikazidi kuganda,
kama kidimbwi cha Sixten nyuma ya shamba la viazisukari,
Januari, barafu ikianzia ukingoni
hadi bata wakose pa kuogelea.

Gunvor alitoka Luleå kwa treni, usiku kucha ameketi.
Bonge likajifinyanga mguuni, likapanda.
Moyoni alikuwa na kitundu
ambacho kwa wengi wetu huziba tungali vichanga;
likapenya hapo kama mpangaji ajuaye mlango wa uani,
likaenda zake kichwani.
Asubuhi aliuambia mkono wa kulia ushike kikombe.
Mkono ukamtazama tu.
Siku hizi ananiita Kijiko.
Elsy analijua; haliji.

Na mama alivyokuwa akijigamba!
"Ukoo wetu hauvuji," kisu kikimkata,
akifuta kidole kwenye aproni.
Kisha hadithi ya Kerstina, nyanya wa nyanya yake,
aliyejifungua mapacha zizini, mkunga kakwama thelujini.
Majirani wawili walitokwa damu msimu ule hadi wakaisha.
Kerstina, kulipokucha, alikamua ng'ombe.
Huenda ni herufi hii hii.
Sijui nimlaani nani, nimshukuru nani.

Tuva ana miaka kumi na saba.
Jana aliuliza, macho kwenye sahani,
kuhusu vidonge vya kuzuia mimba.
Nikamwambia tupime kwanza. Ni nusu kwa nusu,
na wengi walio nayo huzeeka bila kujua.
Akasema, "Basi, sawa."
Kwake neno hilo bado ni jepesi.

Leo wodini Gunvor kanishika kwa ule wa kushoto,
kaniganda, vidole vimekuwa vyeupe.
Saa ya kuona wagonjwa imekwisha,
muuguzi amekohoa mlangoni mara mbili.
Kijiko, anasema. Kijiko.
Sisemi basi.