Alfajiri ya Ini

Saa kumi na moja, Kajaani, mwezi wa kumi na mbili.
Dirisha ni ubao mweusi usioandikwa kitu.
Jua litachungulia saa nne, likijisikia,
na saa nane litakuwa limeshaaga.

Lakini ini langu limeamka.
Limefungua duka gizani,
linapima sukari kwa mkono wa mchuuzi mkarimu
na kuimwaga damuni, kibaba juu ya kibaba,
ingawa hakuna mteja aliyebisha hodi.

Daktari Tanskanen anaiita hali ya alfajiri.
Nilimuuliza: alfajiri gani, daktari?
Akatazama nje, akacheka kwa pua,
akaniongezea uniti mbili za usiku.

Kumi na nne nukta mbili, yasema simu.
Mkono wenye kihisi umelala bado.
Miguu imelala. Ulimi ni kipande cha zulia.
Watu hudhani uchovu ni usingizi uliopunguka.
Nimelala saa nane. Ningelala nyingine nane
na kuamka vivi hivi,
gunia la mchanga uliolowa
lililopewa jina langu.

(Juzi ilikuwa kinyume: saa tisa usiku, kengele,
mbili nukta tisa, jasho, nami sakafuni mbele ya jokofu
nikifyonza juisi ya tufaha kwa mrija wa kitoto
na kulia bila sababu. Kulipokucha, uchovu uleule.
Ikipanda unachoka, ikishuka unachoka.
Katikati pana kichochoro, na mimi ni mnene.)

Siuambii mwili wangu amka.
Huo hauamrishwi, umerithi ukaidi wa mama.
Nauambia: kaa tu.
Soksi moja. Pumzi. Soksi ya pili.
Sindano tumboni, upande ambao jana ulisalimika.
Maji, glasi mbili. Kahawa nyeusi tii,
ile marehemu Rauno aliyoiita lami.
Kisha nauambia: mpaka mlangoni, basi.
Mlangoni nauambia: mpaka kwenye taa ya barabarani.
Ndivyo ninavyoudanganya, taa kwa taa,
nikisukuma kigari cha theluji kwa mguu mmoja,
hadi jikoni kwenye shule ya chekechea
ambako watoto thelathini na wanane wananingoja na vijiko.

Uji wao naupakua kwa upawa.
Wangu naupima kwa mizani.

Leo Vilja hakuja mezani.
Nilimkuta chini ya makoti yanayovuja theluji,
miaka mitano, kihisi mkononi tangu Septemba,
juu yake amebandika picha ya dubu.
“Umechoka?”
“Hapana,” akasema, kwa sauti iliyochoka.
“Mimi nimechoka,” nikasema.
Akanitazama kama mtu aliyepewa siri.
“Una ngapi?”
“Kumi na moja sasa. Wewe?”
“Kumi na sita.”
“Umenishinda.”
Akatabasamu kidogo, upande mmoja.

Mwalimu alikwisha kumpa dawa. Ilibaki kungoja.
Nikakaa naye kwenye kibenchi cha watoto,
magoti yakinigusa kidevu,
nikamsimulia habari za ini na duka lake.
Jikoni uji ulianza kushika chini,
Marjukka akaniita mara mbili,
nikaitika “nakuja” mara mbili
na sikujongea.

“Anayeuza ni nani?” akauliza.
“Sijui. Sijawahi kumwona.”
Akafikiri, kidole juu ya kihisi.
“Dubu,” akaamua.
“Dubu? Dubu wote wamelala sasa, mpaka Machi.”
“Wetu hawalali.”

Nje bado giza totoro.
Akaegemeza kichwa ubavuni kwangu,
upande wa kulia, chini kidogo ya mbavu,
kama anayesikiliza mtu akihesabu chenji.