Karatasi ya Jumatatu

Waniuliza, Batuli, ile karatasi yangu
niliianzaje, na wewe huko Bradford
uanzie wapi.
Ilianza na soksi.

Mashine namba nne, dobi la Spring Bank, hapa Hull,
ilinimeza soksi mbili za kazini.
Maureen mwenye duka akasema, andika, bandika,
na wengine wajue.
Nikaandika: Namba nne inakula soksi.
Kalamu ikakataa kusimama.
Nikaongeza kwamba zilikuwa za sufu,
za marehemu mama Sauda wa ghorofa ya pili,
aliyenivisha siku theluji ilipoanguka
nami nimetoka na kandambili.
Nikatia tarehe. Nikatia jina:
Riziki, zamu ya usiku.

Jumatatu iliyofuata nilirudi na nguo,
na la kusema.

Siku ni moja, haibadiliki.
Mtu ajaye na kapu lake ajue kipo kitu,
kama ajuavyo mkate hutoka saa ngapi.
Mpya hukaa juu, ya zamani hushuka.
Usiichane, hata ikikutia haya.
Ninayo moja ya Februari, majivuno matupu,
imeshika kutu pamoja na pini yake.
Hiyo ndiyo hunifunza. Zilizosifiwa
zimenifunza kusubiri sifa.

Andika kidogo ulichokishika kwa mkono.
Nilipoandika habari za dunia
watu walisoma mstari mmoja, wakageukia povu.
Nilipoeleza kukausha shuka
chumbani ambamo dirisha halifunguki,
mwanamke wa Kipolandi aliyanakili yote
nyuma ya kiganja chake, hadi kwenye kifundo.

Acha pambizo pana.
Funga kalamu kwa uzi, na uzi uwe mrefu
umfae na mwenye shoto.
Wiki kumi na moja hakuna aliyeigusa.
Usinidhani jasiri: kila nikiingia
niliipima wino kabla ya kuweka kapu chini.
Ya kumi na mbili, kwa penseli,
herufi za mtoto au za mzee:
Yangu ilikuwa ya kijani.

Atakuja na wa matusi.
Wangu alikuja na wino mwekundu:
Rudi kwenu.
Nikarudi. Kwetu ni mlango wa tatu kutoka kona.
Nikapika wali, nikalala na hasira yangu,
yeye upande wa ukutani.
Jumatatu nikabandika mpya juu yake,
habari za wali, na ukoko, na nani apewe ukoko.

Lugha? Kushoto Kiswahili, kulia Kiingereza,
na havilingani, sikufichi.
Kushoto nina mzaha, kulia nina adabu.
Mshamu wa bandarini, ajuaye zote mbili,
hucheka peke yake karibu na kikaushio
na watu humsogelea mbali.

Machi nililazwa, mawe ya nyongo.
Jumatatu mbili zikapita bila mimi.
Nilirudi nimejiandalia radhi,
ukurasa mzima, samahani mwanzo, samahani katikati.
Ubaoni, juu ya yangu ya mwisho,
karatasi mbili nyeupe.
Hazina neno. Zina tarehe tu,
Jumatatu zote mbili, hazikukosewa,
pini zimenyooka.
Nikamtazama Maureen.
Akaendelea kuhesabu sarafu.

Na kwenye pambizo la ile ya pili,
pambizo la karatasi isiyosema kitu,
penseli ileile:
Ile ya kijani imepatikana.

Samahani yangu niliikunja, nikaitia mfukoni.
Ikafuliwa pamoja na suruali.