Ukurasa wa Arobaini na Moja

Sanduku la zabuni lina kufuli mbili
na mdomo mwembamba
kama wa mtoto anayekataa uji.
Nimesimama mbele yake hapa Mbale, saa nne kasorobo,
bahasha mkononi, na kwenye kucha gundi ya mbao
isiyosikia sabuni wala Jumapili.

Mimi ni Kageha wa Chavakali, fundi wa madawati.
Karakana yangu ni mabati kumi na sita,
randa mbili, msumeno wa mkopo,
na Lung'aho apigaye msasa huku akipiga mluzi.
Cheti cha akina mama ninacho,
kile cha asilimia thelathini.
Nimekivika plastiki, nikakitundika juu ya mlango
kama picha ya harusi.
Miaka mitatu kinanitazama nikinyoosha misumari iliyopinda,
hakijanizalia hata stuli.

Mara ya kwanza nilikosa muhuri.
Mara ya pili, dhamana ya benki:
benki ilitaka hati ya shamba,
shamba lina jina la marehemu,
marehemu hana simu.
Mara ya tatu nilikuwa na kila kitu.
Nikangoja, nikachoka, nikaenda kuuliza.
Mama mwenye miwani akafungua faili, akasema kwa upole,
upole wa daktari anayenawa mikono:
"Ukurasa wa arobaini na moja hauna nambari."
Nikautazama. Ulikuwa mtupu.
Nani huhesabu meno ya jogoo?

Aliyeshinda sikumwona.
Nilisikia tu jina la kampuni, refu kama treni ya mizigo.
Kisha gari jeupe likasimama langoni,
akashuka kijana, viatu vyake havijui vumbi,
akauliza kama naweza madawati mia mbili kwa siku ishirini.
Nikasoma karatasi yake. Vipimo ni vile vile:
mkaratusi uliokauka, inchi moja na nusu,
pembe zisimkwaruze mtoto.
Bei ni theluthi ya ile niliyoandika mimi.
Nikanyamaza.
Karo hainyamazi.
Nikakubali.

Tulikesha. Lung'aho akaacha mluzi.
Chini ya kila dawati, asikoinama mkaguzi,
niliandika nambari kwa penseli ya seremala,
moja hadi mia mbili, bila kuruka.
Lile la arobaini na moja
nililipiga msasa mara mbili. Sijui kwa nini.

Shule zilipofunguliwa, Imali alirudi mbio:
"Mama, serikali imetuletea madawati!
Langu lina sitini na saba kwa chini,
na hiyo saba imefungwa mkanda kiunoni,
kama saba zako."
Nikamwambia ale kwanza.

Sitaki huruma ya mtu.
Nataka zabuni ikatwe vipande vya kubebeka,
kama gogo linavyopasuliwa kabla ya kupanda mkokoteni:
si madawati elfu mbili kwa mpigo,
mia Chavakali, mia Luanda, mia Hamisi.
Na malipo yafike
kabla msumari haujashika kutu.
Na atakayenikataa aniandikie sababu
siku hiyo hiyo, si baada ya kunichosha miguu.

Leo nimetia nambari kila mahali:
kurasa tupu, migongo ya picha, hata jalada.
Kwa Mudogo, anakopiga chapa shilingi kumi kwa ukurasa,
wameniambia mwakani yote yatakuwa mtandaoni.
Sawa. Mtandao wetu hulala mvua ikinyesha,
na hapa mvua huja kila alasiri
kama mdai.

Bahasha imekwama mdomoni, ni nene.
Siigongi. Naisukuma kwa kiganja, taratibu,
jinsi ulimi wa ubao unavyoingizwa kwenye tundu lake
mpaka usikie: tk.

Saa nne. Mlango unafunguliwa.
Nitakaa mstari wa mbele
wasome bei zote kwa sauti, moja baada ya nyingine.
Kiti kinayumba chini yangu.
Nimeinama, nimekikagua mguu.
Hiki si changu.