Mvumo

Kilo thelathini na moja, na ngazi za Bombolulu hazina taa.
Kila Jumamosi naibeba ampu hii kama mgonjwa,
na goti la kushoto ndilo karani wangu:
hamsini na mbili kushuka, hamsini na mbili kupanda,
saa tisa za usiku, nikitoka kuwapigia wageni wa Shanzu
nyimbo walizokwisha kuzichoka kwao.

Vali zake hazipatikani tena.
Kadzo, fundi wangu wa Mwembe Tayari, alinitilia mbili za mwisho,
akazigonga kwa ukucha, akasikiliza, akasema:
"Hizi zikifa usiniletee nitibu. Niletee nitoe shaba."
Chumvi imekula skrubu. Na inavuma,
haijaacha kuvuma tangu hoteli ilipofilisika
ikatulipa mshahara kwa vyombo.

Nikaenda kwa Dilawar. Mezani visanduku viwili,
kila kimoja uzito wa pasi.
"Hii modela. Haijawahi kukutana na ampu, imesomeshwa tu.
Inajua umeme unapita wapi, unakwama wapi, unachemka wapi.
Zungusha kitasa utakavyo, itapiga hesabu.
Ndani mna ampu mia mbili na hamsini."
"Na hiyo?"
"Profaila. Haijui kitu. Inasikiliza.
Iwekee ampu yako mbele, itaichukua ilivyo siku hiyo,
pamoja na mafua yake."

Nikavaa hedifoni, nikapiga hii, nikapiga ile.
Zote tamu. Hilo ndilo lililoniudhi.

Mia mbili na hamsini!
Mimi ambaye vitasa vyangu havijasogea miaka tisa,
vina alama za rangi ya kucha ya mke wangu:
besi nne, kati sita, juu tatu basi.
Lakini picha nayo ni picha,
haicheki ukiitekenya.
Ampu yangu nikiipiga kwa hasira hukohoa kwanza, ndipo ijibu.
Je, kikohozi nacho hunakiliwa?

Wahenga: sibadili bura yangu na rehani.
Wahenga hawakuwa na goti hili.

Halafu pesa. Ili niinunue nakala, niuze asili.
Ili nakala iwepo, asili iwepo kwanza.
Dilawar akacheka, akachukua kitambulisho changu na baiskeli,
akaniazima profaila usiku mmoja.

Kadzo akaja na maikrofoni ndani ya soksi.
Tukaunganisha. Kisanduku kikaanza kuihoji ampu:
mvua juu ya mabati, kisha mlio wa mashine ya wodini,
kisha filimbi zinazopanda hadi meno yakauma.
Mwanasiti wa chini akagonga mlango
akauliza kama tunachinja paka.

Dakika mbili. Nilidhani itataka usiku kucha.
Miaka ishirini ya arusi, jasho, bia iliyomwagikia nyuma,
dakika mbili, na taa ya kijani.

Kadzo akageukia ukuta. "Piga. Usiniambie ipi."
Akakosea mara ya kwanza, ya pili, ya tatu;
kila mara nakala ndiyo aliyoiita mama.
Mara ya nne akakataa kujibu.
Nikafikiri baadaye: kukosa tatu kwa tatu
si kubahatisha. Kuna kitu alikisikia,
ila alikipenda upande usio wake.

Ikaenda Kilifi, kwa Kazungu, mkusanyaji wa vitu vizito.
Vijana wawili waliishusha; nilisimama ngazini
nikihesabu kwa mazoea, mikono mitupu.

Jumanne akanipigia simu.
"Bwana, hii kitu inavuma."
"Naijua."
"Ulisema nzima."
Gita lilikuwa pajani, vidole nimeviondoa kwenye nyuzi,
na kisanduku kipya miguuni, safi, hakina hata vumbi,
kinavuma.
"Hata yangu," nikamwambia.